UZI: Damu ilipakwa mlangoni. Kwa wewe unayeacha Meza ya Bwana ikupite

#1 Mzee wa Zamu

Wapendwa, shalom. Na ninyi wa imani nyingine mnaopita hapa, karibuni msome kwa amani.

Nimehudumu kama mzee wa kanisa miaka ya kutosha kulijua jambo moja linalotokea karibu kila siku ya Meza ya Bwana, yaani Ushirika, tunapokula mkate na kunywa kikombe kwa kumkumbuka Kristo. Sinia la vikombe linafika kwenye benchi, na kuna mkono hauinuki. Mtu analipokea kwa ncha za vidole, anampa jirani harakaharaka kama kitu cha moto, kisha anaangalia viatu vyake mpaka wimbo uishe. Si mgeni huyo. Amebatizwa, anasali, pengine hata yuko kwaya. Ukimwuliza baadaye kwa upole anakwambia, "Mzee, safari hii sikujiandaa." Safari ijayo ni vilevile. Mwaka unakatika.

Namwelewa, maana mimi mwenyewe nilikaa hivyo miaka minne. Nilikosana na kaka yangu, tumbo moja, kwa jambo la urithi ambalo leo hata kulisimulia naona aibu. Kila siku ya Ushirika nilisikia onyo la mtume Paulo likisomwa, kwamba alaye isivyostahili anajilia hukumu, nami nikajipigia hesabu: mimi sistahili, basi nisile. Niliona huo ndio unyenyekevu. Wenzangu nao waliuona hivyo, hakuna aliyeniuliza.

Kilichonigeuza ni kitabu cha Kutoka sura ya 12, habari ya usiku ambao Bwana aliwapiga wazaliwa wa kwanza wa Misri na kuziokoa nyumba za Waisraeli zilizopakwa damu, niliposoma polepole kama mtu anayesoma hati kabla ya kutia sahihi. Naomba niipitie nanyi, kisha tujadiliane.

Kwanza neno lenyewe. Sisi wa Kiswahili tuna bahati ambayo hatuioni. Usiku ule wa Misri tunauita Pasaka, na siku ya kufufuka kwa Bwana tunaiita Pasaka. Kuna lugha zenye majina mawili tofauti, na mwalimu wao wa Biblia anatumia dakika kumi kueleza uhusiano. Kwetu uhusiano uko mdomoni tayari, ila tumeuzoea mno hata hatuusikii.

Kwa Kiebrania ni *pesakh*, na tumefundishwa kwamba maana yake ni kupita juu, kama mtu anayeruka nyumba moja kwenda nyingine. Ni kweli, lakini angalia mstari wa 23: Bwana atapita juu ya mlango, *wala hatamwacha* mwenye kuharibu aingie. Yule anayepita ndiye anayezuia. Isaya 31:5 inatumia kitenzi hichohicho kwa Bwana anayeulinda Yerusalemu kama ndege warukao juu. Nikaacha kumwona Mungu kama mkaguzi anayekagua milango na kuendelea na safari yake. Nikamwona kama ndege juu ya kiota.

Sasa twende ndani ya nyumba. Mwana-kondoo alichaguliwa siku ya 10 ya mwezi, akawekwa mpaka siku ya 14. Siku nne yuko pale, watoto wanamzoea, wanamletea majani. Jioni ya siku ya 14 akachinjwa. Damu ikachovywa kwa tawi la hisopo, ikapakwa kwenye miimo miwili na kizingiti cha juu. Kisha amri: mtu ye yote asitoke mlangoni mwa nyumba yake hata asubuhi.

Hapo ndipo nilipokwama, nikarudia kusoma mara tatu. Damu iko *nje*. Watu wako *ndani*, mlango umefungwa, na hawaruhusiwi kutoka. Maana yake usiku kucha hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuiona ile damu. Mzaliwa wa kwanza amekaa pale, kilio kikuu kinasikika kutoka nyumba za Wamisri, naye hawezi kufungua mlango akahakikishe kama baba alipaka vizuri, kama haijakauka, kama haijachuruzika yote. Bwana hakusema "mtakapoiona damu." Alisema "nitakapoiona ile damu." Macho yaliyotakiwa kuiona yalikuwa ya Mungu.

Na yule kijana alikuwa anafanya nini wakati huo? Alikuwa anakula. Nyama iliyookwa iko mkononi, mkate usiotiwa chachu, mboga zenye uchungu mdomoni. Viatu vimevaliwa, fimbo mkononi. Waliokuwa chini ya damu walikula, na hofu yao ikiwa ingali kooni. Kula ndiyo kazi pekee waliyopewa kwa usiku huo.

Mimi kwa miaka minne nilikuwa ndani ya nyumba yenye damu mlangoni, nikakataa chakula kwa sababu sikujisikia kama mtu aliyeokoka. Kana kwamba damu ilipakwa usoni pangu, nami kazi yangu ni kujitazama kwenye kioo kila mwezi nione kama bado ipo.

Haya, tuje kwa Paulo, kwa sababu najua mtaniletea 1 Wakorintho 11. Soma Kiswahili chenyewe kwa makini. Hakuandika "asiyestahili." Ni "isivyostahili." Hiyo *-vyo-* ni ya namna, ni jinsi jambo linavyofanywa. Na Kigiriki chake kiko hivyohivyo: kinaeleza kula kulivyokuwa, hakimpimi mlaji alivyo. Kama sharti lingekuwa mtu anayestahili, meza ile ingekaa bila mtu tangu usiku wa kwanza.

Walikuwa wanakulaje Korintho? Paulo anasema mwenyewe: kila mmoja anatangulia kutwaa chakula chake, huyu ana njaa na huyu amelewa. Yamkini wenye nafasi walifika mapema, na watumwa na vibarua wakafika wametoka kazini, wakakuta sahani tupu. Paulo anauliza: mnawatahayarisha hao wasio na kitu? Hiyo ndiyo "isivyostahili" aliyokuwa nayo mbele ya macho yake. Dawa anayoitoa mwishoni si "kaeni mbali." Anasema, ndugu zangu, mkutanikapo mpate kula, *mngojane*.

Na ule mstari wa 28 ambao mimi nilikuwa nausoma nusu: mtu ajihoji mwenyewe, *na hivyo aule mkate*. Kujihoji kunaishia mezani. Mimi nilijihoji nikaishia kwenye benchi la nyuma.

Nilipolielewa hilo sikukimbilia kikombe, niseme ukweli. Lile neno "mngojane" lilinishika. Kulikuwa na mtu mmoja ambaye nilikuwa simngoji. Nilikwenda kwa kaka yangu siku ya Alhamisi jioni. Hatukumaliza mambo yote siku ile, na mengine hatujayamaliza hadi leo. Lakini tulikula pamoja. Jumapili iliyofuata nilinyoosha mkono, na mama mzee aliyekaa karibu nami, ambaye miaka yote minne ndiye niliyekuwa nampitishia sinia, alinitazama, macho yakamjaa machozi. Mkono wake ulitetemeka, tone la divai likadondoka kwenye kitambaa cheupe cha sinia. Hakulipangusa. Alikuwa anajua muda wote, na hakuwahi kuniuliza.

Nimeandika kwa ajili ya mwenye mkono usioinuka. Karibuni tuongee.

#2 Nuru ya Alfajiri

Amina Mzee. Hiyo ya damu kuwa nje na watu kuwa ndani sijawahi kuisikia ikisemwa hivyo, na nimezaliwa kanisani.

Naomba kuongeza kidogo. Mstari wa 26 unasema watoto watakapowauliza, "Utumishi huu maana yake ni nini kwenu?" Yaani Mungu alitegemea kabisa kwamba mtoto atauliza. Na Kutoka 13:8 inamwagiza mzazi ajibu kwamba ni kwa sababu ya yale Bwana *aliyonifanyia mimi* nilipotoka Misri. Hata mjukuu aliyezaliwa Kanaani aseme "mimi." Mishna ya Wayahudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi ulioandikwa kama mwaka 200 BK, nayo inasema kila kizazi mtu ajione kana kwamba yeye mwenyewe alitoka Misri.

Tangu nilijue hilo, neno "ukumbusho" katika "fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu" limekuwa na uzito mwingine kwangu. Zamani nililielewa kama kuangalia picha ya marehemu. Sasa naona ni kuhesabiwa miongoni mwa waliokuwepo.

#3 Kitabu na Taa

Mzee, heshima yako. Uzi ni mzuri lakini naomba nikupinge, kwa sababu wapo watakaousoma na kusema "kumbe ruksa kwa yeyote."

Sura hiyohiyo ya 12, mstari wa 48, inasema mtu asiyetahiriwa asiile Pasaka. Kwa hiyo sharti lilikuwepo. Mkristo wa kwanza kabisa naye hakuchezea jambo hili. Didake, mafundisho ya kanisa la mwanzo, inataka waumini waungame makosa yao kabla ya kuumega mkate, na mwenye ugomvi na mwenzake asijumuike nao mpaka wapatane. Bwana mwenyewe alisema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, ukapatane kwanza na ndugu yako.

Kwetu Wakatoliki mwenye dhambi ya mauti anapitia kwanza kitubio, yaani kuungama kwa padri. Naogopa mtu akikusoma vibaya atakuja kwenye Ekaristi, yaani hiyo Meza ya Bwana, na damu ya ndugu yake mikononi, akisema mlango umepakwa.

#4 Mzee wa Zamu

Kitabu na Taa, asante ndugu yangu. Umenisaidia kusema nililoliruka.

Sharti lipo, nakubali. Lakini tazama ni sharti la namna gani. Mstari wa 48 unamtaka mgeni aingie katika agano, yeye na wanaume wote wa nyumba yake, kisha akaribie. Haumtaki alete cheti cha mwenendo wake. Wakristo wengi tunaweka ubatizo mahali hapo, nami sina ugomvi na hilo.

Na kuhusu kitubio au kupatana: angalia mwelekeo wake. Mathayo 5 inasema "kisha urudi uitoe sadaka yako." Kurudi kumo ndani ya amri. Ninaowalilia ni wanaoondoka madhabahuni na hawaendi kwa ndugu wala hawarudi. Wanakaa katikati ya njia miaka mingi na kuiita hali hiyo heshima kwa Bwana.

Kanisa lako lenyewe liliwahi kulazimika kusema na watu wa namna hiyo. Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani baraza kuu la Kanisa la mwaka 1215, uliagiza kila muumini aliyefikia umri wa kupambanua aungame angalau mara moja kwa mwaka na kupokea Ekaristi angalau wakati wa Pasaka. Agizo kama hilo haliandikwi kwa watu wanaosukumana kwenda mezani. Liliandikwa kwa sababu wengi waliishia kutazama tu.

Halafu kuna jambo moja ambalo limenikalia rohoni kwa muda mrefu, naliweka hapa. Katika 2 Mambo ya Nyakati 30 mfalme Hezekia anafanya Pasaka, na wengi kutoka makabila ya kaskazini wanaila bila kujitakasa, kinyume cha ilivyoandikwa. Hezekia anawaombea kila aukazaye moyo wake kumtafuta Mungu asamehewe. Bwana akamsikia, *akawaponya watu*. Sasa weka hiyo kando ya 1 Wakorintho 11, ambako watu wanakula na kuwa dhaifu na wagonjwa. Wale wa Hezekia walivunja utaratibu wa utakaso, wakaponywa. Wa Korintho hatusikii kwamba walikosea utaratibu wa ibada, na wakaugua. Tofauti ni nini? Wale walikuwa wamesafiri kuja kumtafuta Mungu pamoja na ndugu zao waliotengana nao muda mrefu. Hawa walikuwa wanamdharau ndugu aliyekaa pembeni yao bila chakula.

Mwenye damu ya ndugu yake mikononi na hataki kuinawa, huyo nakuachia umwonye, nami nitakuunga mkono.

#5 Seremala

Wakuu naomba kueleweshwa, mimi ni mwanafunzi tu. Mathayo, Marko na Luka wanaonyesha kile chakula cha mwisho kilikuwa Pasaka. Yohana 18:28 inasema wakati wa hukumu viongozi walikuwa bado hawajaila Pasaka. Sasa ni ipi? Na je, kama Yesu aliila, kwa nini sisi tusichinje kondoo kila mwaka?

#6 Mzee wa Zamu

Seremala, swali lako la kwanza limewakalisha wasomi karne nyingi. Wapo wanaosema kulikuwa na kalenda mbili, wapo wanaosema "Pasaka" katika Yohana ni sikukuu nzima ya siku saba. Sitajifanya nimelimaliza. Nitakwambia kila upande unataka tuone nini.

Luka anataka tumwone Yesu mezani. "Nimetamani sana kuila pasaka hii pamoja nanyi kabla ya kuteswa kwangu." Kutamani sana, na huku anajua mkono wa atakayemsaliti uko juu ya meza ileile. Petro atakayemkana yuko hapo. Na bado hawajamaliza kula vizuri, wengine wanaanza kubishana nani mkubwa kati yao. Kama unatafuta orodha ya waliostahili usiku ule, utapata jina moja, naye ndiye aliyekuwa anaumega mkate.

Yohana anataka tumwone juu ya meza, nikiruhusiwa kusema hivyo. Yohana Mbatizaji alikwisha kumwita Mwana-kondoo wa Mungu tangu sura ya kwanza. Msalabani siki inapelekwa kinywani mwake kwa hisopo, mmea uleule wa miimo ya milango. Askari hawamvunji miguu, na Yohana anatukumbusha andiko la kutovunja mfupa, ambalo ni agizo la Kutoka 12:46.

Hapa Kiswahili kinatubariki tena. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anaeleza kwamba kondoo wa Pasaka walichinjwa Hekaluni kuanzia saa ya tisa hadi ya kumi na moja. Anataja zaidi ya kondoo 250,000 kwa sikukuu moja, idadi ambayo wasomi wengi wanaona imetiwa chumvi, lakini hata ukichukua robo yake tu bado ni wengi. Mathayo, Marko na Luka wanasema Yesu alikufa saa tisa. Watu wa lugha nyingine inabidi wageuze hesabu waambiwe ni saa fulani ya kwao. Sisi saa tisa yao ni saa tisa yetu. Leo alasiri ukisikia ni saa tisa, ndiyo hiyo.

Kuhusu kuchinja kondoo: Hekalu lilibomolewa na Warumi mwaka 70 BK, na tangu hapo Wayahudi wanaadhimisha Pasaka bila dhabihu. Wasamaria bado huchinja kwenye Mlima Gerizimu. Kwetu Paulo amejibu kwa sentensi moja, 1 Wakorintho 5:7: Pasaka wetu amekwisha kutolewa kuwa sadaka, yaani, Kristo. *Amekwisha.*

#7 Dada wa Kwaya

Bwana asifiwe. Mzee, mimi nataka uniambie wazi, ule mkate ni mwili wa Kristo kweli au ni ishara? Mume wangu ni Mlutheri, mimi nimelelewa kanisa la kiroho ambako tunasema ni ukumbusho tu. Kila siku ya Ushirika tunarudi nyumbani tunabishana.

#8 Mzee wa Zamu

Dada yangu, nitakuwekea mikutano miwili ya kihistoria.

Mwaka 1529, mjini Marburg, Luther wa Ujerumani na Zwingli wa Uswisi walikutana kujaribu kuunganisha Matengenezo, ile harakati iliyozaa makanisa ya Kiprotestanti. Walikuwa na hoja 15 mezani. Walikubaliana 14. Ya 15, hiyohiyo ya kwako, ikabaki na sehemu moja isiyopatana. Luther alikuwa ameandika kwa chaki juu ya meza, "Huu ndio mwili wangu," wala hakusogea. Zwingli alishikilia kwamba "ndio" maana yake ni "unaashiria." Waliachana bila kushirikiana meza.

Mkutano wa pili ni wa zamani zaidi, kama mwaka 155. Polikarpo, askofu wa Smirna, mzee sana, alikwenda Roma kuonana na askofu Aniketo. Hawakukubaliana siku ya kuadhimisha Pasaka: Polikarpo alifuata siku ya 14 ya mwezi wa Kiyahudi wa Nisani, Roma walifuata Jumapili. Kila mmoja alidai amepokea kwa waliomtangulia, na hakuna aliyemshawishi mwenzake. Aniketo akafanya nini? Alimpa Polikarpo heshima ya kuongoza Ekaristi katika kanisa lake. Wakaagana kwa amani.

Mimi naamini Kristo yupo pale kweli na ananilisha, kwa namna ambayo siwezi kuipima. Paulo anasema kikombe tukibarikicho *ni ushirika* wa damu ya Kristo, na neno hilo kwangu ni zito kuliko "ishara tu." Lakini wewe na mumeo, nawaomba kama baba yenu: mkirudi kutoka Ushirika msibishane siku hiyo. Bishaneni Jumatano.

#9 Kitabu na Taa

Hiyo ya Polikarpo na Aniketo iandikwe kwa herufi kubwa. Sisi kwetu ni zaidi ya ishara, ni Yeye mwenyewe, na hilo siwezi kulipunguza. Lakini nimekuelewa Mzee, na kuhusu mwelekeo wa kitubio umenigusa. Nitalifikisha kwa wenzangu wa jumuiya.

#10 Msafiri77

Mzee, shikamoo. Nimesoma uzi huu toka jana, nimefuta nilichoandika mara nyingi.

Mimi sina ugomvi na mtu. Nilimzika mume wangu, sasa unakwenda mwaka wa tatu. Nilimwuguza mwenyewe, na siku ya mwisho mimi ndiye niliyemwosha. Tangu hapo siwezi kushika kile kikombe. Siyo kwamba nimeacha kuamini. Nina hasira na Mungu, na naona ni unafiki kula mezani kwake nikiwa na hasira. Kanisani nakwenda mara mojamoja, lakini siku ya Meza sitoki nyumbani kabisa. Watu wameshaacha kuniulizia.

Sijui kama na hili lina jibu kwenye Kutoka 12.

#11 Mzee wa Zamu

Marahaba, binti yangu. Pole sana. Pole kwa kumwuguza, pole kwa siku ile ya mwisho, na pole kwa watu kuacha kukuulizia. Hilo la mwisho ni kosa letu sisi wazee wa kanisa, popote tulipo.

Fungua Hesabu sura ya 9. Ni mwaka mmoja tangu watoke Misri, Pasaka ya kwanza jangwani. Kuna watu wameshindwa kuila, na sababu inaandikwa waziwazi: wamekuwa najisi kwa ajili ya maiti ya mtu. Hawakuiba, hawakuabudu sanamu. Kuna mtu wao amekufa na mikono yao ilimgusa. Kama mikono yako.

Wale watu hawakukaa hemani. Walikwenda kwa Musa siku ileile wakamwuliza kwa nini wazuiliwe. Ni kama wana uchungu kidogo katika swali lile, na Musa hakuwakemea. Aliwaambia, ngojeni, nisikie Bwana atakaloagiza. Na Bwana akajibu kwa kuweka Pasaka ya pili, mwezi wa pili, siku ya 14, kwa ajili ya aliyegusa maiti na kwa aliye safarini mbali. Mkate uleule, mboga zilezile zenye uchungu, mfupa usivunjwe vilevile. Mungu aliifungua kalenda yake mwenyewe akaingiza siku kwa ajili ya watu waliotoka kuzika.

Umejiita Msafiri. Sijui kama ulifikiria hilo ulipochagua jina, lakini umo humo mara mbili.

Kuhusu hasira. Zile mboga zenye uchungu zilikuwa sehemu ya chakula tangu mwanzo. Mungu hakuwaambia Waisraeli waumeze uchungu wao kwanza ndipo waje kula. Alisema uletwe mezani, uliwe na nyama ya mwana-kondoo kwa tonge moja. Kwa hiyo wewe njoo nao.

Na kama kutoka nyumbani siku hiyo kunakushinda, usitoke. Yustino Shahidi, mwandishi Mkristo wa kale, aliandika kama mwaka 155 kwamba baada ya ibada ya Jumapili mashemasi waliwapelekea mkate na kikombe wale ambao hawakuwepo. Nimewahi kupeleka kwa mgonjwa aliyeweza kumeza kipande kidogo kama punje, kilicholowekwa kwenye kijiko. Binti yake alimshika kidevu. Tulikaa pale muda mrefu bila mtu kusema, na hakuna aliyeona ni Ushirika pungufu. Mpigie mzee wa kanisa lenu mwambie tu, "Naomba mniletee." Halazimiki kuelezwa sababu zote.

#12 Nuru ya Alfajiri

Msafiri77, dada yangu, nakuombea. Mimi niko na wewe, hata kama hatujuani.

#13 Dada wa Kwaya

Nami pia. Na Mzee, mume wangu amesoma ile #8. Amesema Jumatano sawa.

#14 Msafiri77

Samahani nimechelewa kurudi, ni siku tano.

Nilisoma Hesabu 9 usiku uleule. Sikujua kama ipo. Nimeisoma kwa sauti, pale wanapouliza kwa nini wazuiliwe, nikalia kuliko nilivyolia msibani.

Nimempigia mzee wa kanisa letu. Nilidhani ataniuliza nilikuwa wapi. Alinyamaza kidogo, akasema alikuwa na namba yangu siku zote, akaniomba radhi. Anakuja Jumamosi alasiri pamoja na mkewe. Nimemwambia waje saa tisa.

Kitambaa cha meza nimekifua leo, kiko kambani.

#15 Mzee wa Zamu

Amina, binti yangu. Jumamosi saa tisa hata mimi nitakuwa magotini.